Usiku wa Saa Nne Asubuhi

Bibi yangu hakukubali kusimulia ngano mchana. Alisema anayesimulia mchana huota pembe, na katika umri ule shingo yake ilichoka kubeba kichwa chenyewe, sembuse pembe. Jambo hili nililijua tangu utotoni. Kila mtoto wa Kibena alilijua. Lakini mtu akishapata cheti cha ualimu husahau mambo yanayojulikana na kila mtoto, ndiyo maana nilijenga chumba kizima kabla ya kulikumbuka.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ile miwati, miti ya magome ya kutengenezea ngozi, ilipoanza kupandwa kwenye vilima vya Njombe na wazee wakashangaa kuona shamba lisiloliwa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni, nimeoa mwaka mmoja tu, na bibi yangu mzaa mama aliishi nasi. Ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki nikiwa sijamaliza kuota meno, bibi akanibeba mgongoni mpaka wenzangu wakaanza kunicheka. Usiku alinisimulia. Ngano zake zilikuwa nyingi, ila moja niliihesabu kuwa yangu: ya binti aliyeolewa na mwanzi. Binti anagombana na mama yake, anaondoka kwao kwa hasira, anaingia kwenye mianzi, mwanzi mmoja unamsemesha kwa sauti nzuri, naye anakubali kuolewa. Mpaka hapo naijua. Yaliyofuata sikuyajua, kwa sababu kila mara nililala. Utoto wangu wote sikufika mwisho wa ngano ile hata mara moja. Kesho yake nikimuuliza bibi, ananijibu, "Mchana huu? Unataka niote pembe?" Usiku anaanza upya, nami nalala palepale, harusini.

Nilipokuwa mtu mzima mwenye ndevu nilijaribu tena, jikoni, nimenawa uso kwa maji ya baridi. Nikalala. Mwili wangu ukiisikia sauti ya bibi gizani haujali cheti cha ualimu.

Sasa bibi alikuwa amekonda. Baridi ikianza alikohoa, na kila mwaka kikohozi kilichelewa zaidi kuondoka. Nilijua siku atakapokwenda, yule binti atakwenda naye, na mimi nitabaki harusini mpaka kufa kwangu. Nilitaka mwisho wa ngano ile kuliko nilivyotaka cheo cha mwalimu mkuu, na cheo hicho nilikitaka sana.

Hapo ndipo gazeti la misheni liliponiharibu akili. Liliomba wasomaji walete ngano za wazee, na chini yake likatoa mashauri kwa waandishi: mwandishi hana budi awe na chumba chake, chenye mwanga wa kutosha, meza imara, na mapambo ya kuburudisha macho. Nilisoma mashauri hayo mara tano. Nikaona kosa langu lilikuwa hilo tu. Sikuwa na chumba.

Chumba kilichopatikana kilikuwa banda la ndama lililoungana na nyumba upande wa mashariki.

"Na ndama atalala wapi?" mke wangu akauliza.

"Jikoni."

"Na bibi?"

"Jikoni, kama kawaida."

"Na mimi nipikie wapi? Juu ya ndama?"

Mtu anayeanza kazi ya sanaa hatakiwi kusumbuliwa. Ndama akahamia jikoni. Ndani ya wiki moja alikuwa na sehemu yake karibu na moto, na ukimsogeza alikutazama kama mwenye nyumba.

Meza niliagiza kwa fundi wa misheni. Alikuwa fundi stadi, lakini maisha yake yote alikuwa ametengeneza mabenchi ya kanisa, mimbari na majeneza. Nilimweleza vizuri: meza, miguu minne, juu bapa. Baada ya wiki mbili akaniletea kitu kirefu kufika kifuani, chenye ubao ulioinama, kidaraja cha kupandia, na msalaba umechongwa mbele.

"Fundi, hii ni mimbari."

"Ni meza, Mwalimu. Ila mbao zenyewe zimezoea hivyo."

Tangu siku hiyo nikawa naandika nimesimama. Wageni wakiingia chumbani kwangu walivua kofia na kushusha sauti, na jirani mmoja aliyekuja kuazima jembe alingoja hadi niseme amina.

Tatizo kubwa lilikuwa mwanga. Njombe wakati ule kioo ulikiona kanisani na bomani, basi. Nikaambiwa niende Makambako. Makambako ndipo njia zinapokutana, ya Iringa na Mbeya, na ile inayoshuka kuja kwetu na kuendelea Songea, na penye malori mengi hapakosi lori bovu. Nikapanda lori na gunia la njegere. Kweli, nikalikuta moja limelala ubavu kando ya barabara, na dereva wake, ambaye ndiye mwenye mali, amekaa kwenye gurudumu akiligawa kipande kipande kwa yeyote anayepita. Mtu wa mbele yangu alichukua honi. Mimi nikachukua kioo cha mbele na fremu yake. Tukapeana, yeye njegere, mimi kioo.

"Waipa je?" nikamuuliza, maana ile fimbo ya kufutia mvua ilikuwa bado imeshikilia kwenye kioo, na kishikio chake cha kuzungushia kwa mkono.

"Usiiguse. Ukiitoa kioo kinapasuka."

Nilirudi juu ya mzigo wa mahindi, kioo nimekipakata. Abiria walionizunguka wakawa wanatazama barabara kupitia kioo changu na kunionya juu ya makorongo, kana kwamba mimi ndiye ninayeendesha. Mama mmoja alinikemea kwa mwendo wa kasi.

Nikakiweka ukutani, kikaelekea mashariki. Ndani ya chumba mwanga ulimwagika hadi nikaona aibu ya udongo wa kuta. Nje ilikuwa habari nyingine. Nje nyumba yangu ilionekana kama lori lililozama kwenye tope na kubakiza uso. Watu wawili waliokuwa safarini walisimama wakaitazama, kisha wakamwuliza mke wangu linaondoka lini kwenda Songea. Mke wangu, kwa hasira za ndama, akawaambia kesho alfajiri. Wakaja, na kuku wao.

Kuta nilizipamba kwa magazeti ya zamani, nikayabandika kwa uji wa ngano. Hapo nikampata mgeni wa kudumu. Jirani yetu, mzee wa kanisa, mtu mzito mwenye sauti nene aliyeongoza nyimbo za besi kila Jumapili, alipenda kusoma lakini hakupenda kununua gazeti. Alikuja kila asubuhi, akavua kofia mbele ya mimbari, akasimama mbele ya ukuta na kusoma. Siku ya tatu akafika kwenye habari ya kesi ya mtu aliyeiba baiskeli ya padri. Ilikuwa tamu. Mwisho wa safu iliandikwa kwamba habari inaendelea ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili ulikuwa nyuma ya karatasi hiyohiyo, umetazama udongo.

"Mwalimu," alisema, "alifungwa au hakufungwa?"

"Mzee, sijui."

"Umebandika gazeti bila kulisoma? Na watoto wetu tunakupa wewe?"

Akataka tulowanishe ukuta. Nikakataa, nilikuwa nimefanya kazi siku mbili. Akaendelea kuja, akawa anasimama mbele ya safu ile kimya kama mtu aliyefika msibani.

Basi chumba kikakamilika. Nikachonga penseli tatu, nikaweka daftari jipya juu ya mimbari, nikamshika bibi mkono nikamleta, nikamketisha kwenye kigoda mbele ya kioo. Ilikuwa asubuhi nzuri. Mke wangu alisimama mlangoni na ungo wake, akitaka kuona mambo yatakavyokuwa.

"Bibi, nisimulie ile ya mwanzi."

"Ni saa ngapi?"

"Saa nne."

"Ya usiku?"

Mke wangu akaanza kucheka, akaondoka na ungo usoni.

"Mume wangu," bibi alisema, maana kwa utani wa bibi na mjukuu mimi ndiye niliyekuwa mume wake, na mke wangu bibi alimwita mke mwenzake, "umenijengea nyumba nzuri. Lakini pembe nitaziweka wapi?"

Nikamwomba, nikambembeleza, nikamwambia habari za gazeti. Mwishowe akasema yeye si mtu mgumu. Kama naweza kumletea usiku, atasimulia.

Mtu mwenye akili angekata tamaa. Mimi nilichukua blanketi na misumari. Nikaziba kile kioo nilichokileta kutoka Makambako hadi hapo nikiwa nimekipakata.

"Tayari, bibi. Giza."

"Si usiku. Nasikia watu wanatwanga."

Nikatoka nikamwomba mke wangu aache kutwanga. Nikaenda kwa majirani wawili nikawaomba nao waache. Wakauliza nani amefariki.

"Tayari, bibi."

"Jogoo anawika."

Nikamfukuza jogoo bonde zima, nikamfunika kwa tenga, nikaweka jiwe juu.

"Bado hakuna moto. Ngano husimuliwa motoni." Tukaleta mafiga matatu na kuni. Chumba kisicho na tundu la moshi kikajaa moshi. Magazeti yangu yakaanza kuwa meusi kuanzia juu. Ndama, aliyezoea moto, alifuata moto wake, akaingia akalala.

Bibi akasikiliza kwa makini. "Sasa umekaribia," alisema. "Ila usiku wa Njombe bila fisi mimi siujui."

Nilikwenda kwa mzee wa kanisa. Sikuwa na mtu mwingine mwenye sauti ya namna ile. Alinisikiliza hadi mwisho, akafikiri, akauliza swali moja tu.

"Tutalowanisha ukuta?"

"Tutalowanisha."

Akachuchumaa nyuma ya nyumba, kwenye magugu, na koti lake la Jumapili, akalia. Alilia vizuri mno. Mbwa wa kijiji kizima wakajibu, na wale majirani walionyamazishwa kutwanga wakaingiza watoto ndani, saa nne asubuhi, jua limewaka.

"Haya," bibi akasema, "sasa ni usiku." Akakohoa mara mbili, maana hivyo ndivyo alivyopiga hodi kwenye ngano, akaanza.

Nililala. Nimesimama, penseli mkononi, kidevu juu ya msalaba. Mke wangu alinichoma kwa kijiti cha ukuni, nikazinduka na kukuta bibi amenyamaza, ananisikiliza nikikoroma. Daftarini nilikuwa nimeandika mstari mmoja juu ya mwingine mara kumi, kitu cheusi kama sufuria. Kesho yake tukarudia yote, kutwanga, jogoo, moto, fisi. Nikalala tena. Nilikuwa na hasira ya kutaka kulia. Niliutafuta mwanga kwa gunia la njegere, kisha nikauziba kwa mikono yangu, na binti bado alikuwa harusini.

Siku ya tatu bibi alifika kwenye wimbo ambao binti anamwimbia mumewe mwanzi. Wimbo huo una kiitikio, na kwa desturi wasikilizaji huitikia. Mke wangu akaitikia. Mimi nikaitikia kwa usingizi. Na kutoka kwenye magugu nyuma ya nyumba ikaitikia besi nene, iliyonyooka, ya kanisani.

Bibi akakatiza. "Fisi wa siku hizi wamesoma," alisema.

Kicheko kilimshika mke wangu akaegemea ukuta, na blanketi, lililokuwa linaning'inia kwa misumari miwili, likadondoka. Jua lote la mashariki likaingia. Lilimpiga bibi usoni moja kwa moja, macho yake yakiwa wazi mbele ya kioo. Nikajua yameisha. Nikangoja anyanyuke aseme habari za pembe.

Bibi hakupepesa. Akakohoa, akaendelea, "Basi yule binti akamwambia mumewe..."

Nilishuka kutoka kwenye mimbari nikamkaribia taratibu. Jikoni kwetu kulikuwa na giza na moshi saa zote, na mtu humtazama bibi yake machoni kwa sababu gani? Sasa nilimtazama. Macho yote mawili yalikuwa na utando mweupe, mnene, kama wa maziwa yaliyopoa. Gazeti lilisema mwanga wa kutosha, nami niliupata, na kitu cha kwanza nilichoonyeshwa na mwanga huo ni kwamba bibi yangu haoni, na kwamba hajaona kwa muda mrefu, na sisi tunaokaa naye hatukujua. Nikakumbuka anavyopapasa ukuta akienda nje, nasi tukadhani ni uzee wa miguu. Nikakumbuka alivyosifu nyumba nzuri niliyomjengea. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Mke wangu aliinama kuokota blanketi. Nikamshika mkono. Tukatazamana. Kisha nikarudi kwenye mimbari nikaandika.

Jioni ile mke wangu hakunisemesha hadi ndama alipokwisha kula. "Unamwibia mzee," alisema. "Anakuamini kwamba ni usiku." Nikasema najua. Akasema, "Basi mwambie." Nikasema nitamwambia ngano ikiisha. Akanitazama kwa namna ambayo bado naikumbuka, lakini kesho yake aliacha kutwanga bila kuambiwa.

Hivyo tuliendelea siku nne, na mambo ya siku hizo sijawahi kumweleza mkaguzi wa elimu. Jua limejaa chumbani. Blanketi limekunjwa sakafuni. Hata hivyo jogoo yuko chini ya tenga, mafiga yanawaka, ndama amelala, na mzee wa kanisa analia kwenye magugu mbele ya watu wanaokwenda shamba, wakimwamkia "Kamwene," naye akijibu "Kamwene," kisha anaendelea kulia. Mmoja alimwuliza kulikoni. Akasema yuko kazini. Bibi naye alisimulia kwa raha. Siku ya pili alishusha blanketi lake begani akaliweka magotini, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya usiku wowote katika baridi ya Njombe, nami sikulifikiria. Nilikuwa naandika. Sikusinzia hata kidogo.

Siku ya nne binti alichoka na mume asiyekwenda popote, akaaga mianzi, akarudi kwao usiku, akiogopa mama yake. Akasukuma mlango. Mama amelala. Karibu na moto kuna chungu kimefunikwa. Binti akafunua, akakuta chakula chake, na bado kina moto. Akala.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu nini? Ameshiba."

"Ndio mwisho?"

"Ulitaka nini tena, chai?"

Nililia juu ya mimbari, na machozi yakaharibu mistari miwili ambayo nililazimika kuinakili upya. Ukuta tuliulowanisha mchana huohuo, kama nilivyoahidi. Karatasi ilibanduka vizuri. Upande wa pili kulikuwa na tangazo la sabuni, na mzee wa kanisa alikwenda nyumbani bila kuaga. Ngano niliipeleka misheni. Waliichapa baada ya miezi mingi, lakini nafasi haikutosha, wakakata mwisho.

Kabla ya hapo baridi ya Juni ilikuwa imekuja, na kikohozi cha bibi safari hii hakikuondoka. Hakuinuka tena kitandani. Mke wangu hakunikumbusha; alinitazama tu. Asubuhi moja nilikaa kando ya kitanda, nikamwambia.

"Bibi, siku zile chumbani kwangu. Haukuwa usiku. Blanketi lilidondoka, nami sikulirudisha."

Alinigeuzia uso. Kisha akasema, "Nipe mkono."

Akaushika, akaupitisha chini ya kitambaa chake, akauweka utosini. Nywele zake zilikuwa fupi na laini, na kichwa kilikuwa na homa.

"Papasa. Zimeota?"

"Hapana, bibi."

"Na upande huu?"

"Hata huo."

"Kioo chako cha lori kilinichoma uso siku zote zile," alisema. "Usiku gani wa Njombe unaounguza mtu uso?"

"Sasa mbona ulisimulia?"

"Usiku wewe unalala, mume wangu."

Hakuutoa mkono wangu kichwani, nami nikaendelea kupapasa.